Masika Niliyokaa Kituoni

Jumatatu, 4 Machi
Daftari hili lilibaki tupu nusu nzima upande wa jiografia, na mimi jiografia sina tena. Mtihani tumemaliza, matokeo hayajatoka, na Mama anasema msichana asiye na shughuli huoza kama nyanya. Basi leo nimeanza kazi. Kazi yenyewe ni kupokea simu, mimi ambaye nyumbani simu ikilia huwa nakumbuka kwamba nimeanika nguo.

Chumba chetu kiko nyuma ya duka la kinyozi. Zamani kilikuwa stoo ya viti vya kukodisha, na viti bado vipo, vimepandana hadi darini. Simu imefungwa kamba kwenye mguu wa meza. Mtu akichanganyikiwa mtaani, au mume na mke wakishikana mashati, au mzee akipotea njia ya kwao, watu wanapiga hapa badala ya kuwaita polisi. Mimi napokea, kisha Shangazi na Refa wanakwenda kwa miguu. Shangazi ni dada yake Baba, muuguzi mstaafu. Refa alichezesha mpira hadi magoti yakagoma, na filimbi bado anaivaa shingoni kama hirizi.

Yote haya yalianza kwa sababu ya Mjomba. Mdogo wake Mama huyu anaishi nasi chumba cha nyuma, na kazi yake ni kuandika majina ya maduka ukutani. Herufi zake zimenyooka utadhani zimepigwa pasi. Ila ana maradhi yanayokuja na kuondoka. Yakija halali, na kila ukuta anauona kama duka ambalo halijapata jina. Mwaka jana askari walimkuta akiandika ukuta wa benki wakamvunja kidole cha mkono anaoandikia. Mtaa mzima ukaenda kwa mkuu wa wilaya. Tukarudi na mambo mawili: simu hii, na kamati ya wakazi, ambayo watu wake wawili wanaweza kuingia kituoni saa yoyote ya mchana, bila kubisha hodi siku moja kabla, kuwaona mahabusu. Vyote ni vya majaribio, mpaka masika yaishe.

Mimi pia ni mwanakamati. Siku ya uchaguzi nilikwenda kupanga viti tu. Wakaulizana kijana atakuwa nani, Refa akaninyooshea kidole, watu wakapiga makofi, na mimi nikakosa pa kupitia kukataa.

Jumanne, 5 Machi
Simu moja. Aliuliza kama tunauza kuku.

Alhamisi, 7 Machi
Shangazi amenifundisha. Kwanza, "Wewe uko salama?" Pili, "Yeye yuko wapi?" Tatu, "Unadhani anahitaji nini?"

"Na amefanya nini?" nikauliza.

"Hilo ni swali la polisi, mwanangu. Wao wanalo tayari, usiwaibie."

Adhuhuri alipiga mama mmoja, mwanawe mkubwa amejifungia chooni na kisu. Sauti yangu ilitoka kama ya paka aliyefungiwa kabatini, lakini maswali yote nikayauliza. Swali la tatu alilijibu kwa kunong'ona. Akasema, "Labda anahitaji nitoke hapa mlangoni." Alipotoka mlangoni, kijana akafungua. Shangazi na Refa walimkuta amekaa uani anakula.

Kwa hiyo swali linaweza kufungua mlango. Sikuwa najua.

Jumatatu, 11 Machi
Refa amenichukua kituoni niuone ukaguzi. Nilitamani ardhi ipasuke, maana askari wa kaunta ni yule aliyekuwa dada mkuu wa shule yetu nilipokuwa kidato cha pili. Alikuwa akisimama langoni kupima urefu wa sketi zetu kwa macho, na hakukosea. Sasa ana sare nyingine, macho ni yale yale.

"Una shida gani?" akauliza.

Refa akajibu kwa niaba yangu. Mkuu wa kituo akatoka ofisini akitabasamu, akasema karibuni wakaguzi, mnikague na mimi, mke wangu anasema nimeanza kitambi. Refa akacheka, lakini alipoingia mahabusu hakucheka tena. Kila mtu alimuuliza jina, ameletwa lini, amekula, ameumia wapi. Ndoo ya maji ilikuwa kavu. Refa alisimama tu kando ya ndoo, akakataa kuondoka mpaka ikajazwa. Mkuu wa kituo alitabasamu muda wote huo. Ni tabasamu la mtu aliyebanwa na kiatu.

Ijumaa, 15 Machi
Mvua imefika. Paa la kinyozi linavuja hadi kwetu.

Jumanne, 19 Machi
Mvua, simu, mvua. Watu wakifungiwa ndani siku nzima wanakumbuka ugomvi wa zamani. Shangazi amerudi mara ya tatu maji yakimtiririka, anakohoa hadi viti vinatikisika.

Alasiri mkuu wa kituo alikuja mwenyewe na mfuko mkubwa. Makoti ya mvua, mapya kabisa, mazito, ya buluu iliyoiva. Ni yale yale wanayovaa askari wake, ila bila nembo. "Tunafanya kazi moja," akasema, "sioni kwa nini nyinyi muugue mapafu." Akaondoka bila hata kusubiri shukrani.

Refa aliutazama mfuko kama umeletwa na nyoka ndani.

"Refa havai jezi ya timu," akasema.

"Refa hatembei na miaka yangu sitini kwenye mvua hii," Shangazi akamjibu. "Koti ni koti. Na mimi si timu ya mtu."

Wakapiga kura. Refa alikataa, Kinyozi, ambaye naye ni mwanakamati, na Shangazi wakakubali. Wakanigeukia mimi, kijana wa kamati. Shangazi alikuwa anakohoa. Nikanyoosha mkono kukubali.

Jumamosi, 23 Machi
Mwanamke alipiga simu kwa hasira: "Nimewaambia msiniletee polisi, mmeniletea polisi." Nikamweleza ni muuguzi na refa. Akasema mumewe ameruka ukuta alipoyaona makoti, na mguu umeteguka, sasa nimwambie nani atambeba.

Nikamweleza Shangazi. "Watatuzoea," akasema, akilikung'uta koti lake maji.

Refa naye analivaa siku hizi. Magoti yamemshinda ubishi.

Jumatano, 27 Machi
Mjomba hajalala tangu juzi. Anasema mtaa una kuta nyingi zisizojulikana zinauza nini. Anacheka sana na mikono haitulii. Mama ameficha brashi ndani ya pipa la unga.

"Dada, nipe brashi moja tu."

"Ukilala nitakupa."

"Nikilala nitaandika nini?"

Mama akageuka upande wangu akitaka msaada. Nikamwambia Mjomba anywe dawa kwanza mbele yangu. "Mpwa wangu umekuwa daktari," akasema, akaiweka mdomoni. Nadhani hakuimeza.

Ijumaa, 29 Machi
Nitaandika yote kwa mpangilio, kwa sababu wengine tayari wanayapanga kwa namna yao.

Asubuhi simu ililia. Alikuwa muuza magazeti aliye mkabala na kituo cha polisi. Akasema njooni haraka, mchora mabango yuko hapa na kopo la rangi, ameuanza ukuta wa kituo. Nikamuuliza kama yuko salama yeye. Akasema yeye ni salama, mchoraji ndiye anacheka tu, ila hacheki vizuri. Nikauliza, anahitaji nini? Akasema, "Anahitaji mtu anayemjua, kabla hawa hawajatoka ndani."

Shangazi na Refa wakachomoka. Nami nikaiacha simu kwa Kinyozi nikawafuata, jambo ambalo haliruhusiwi. Mvua ilikuwa ya rasharasha.

Mjomba alikuwa amesimama juu ya kasha la soda. Ukuta wa kituo ulikuwa mweupe, na juu yake kwa herufi nyekundu, kubwa, zilizopangwa kwa uzuri ambao sijawahi kuuona hata kwenye duka la dhahabu, alikuwa ameandika: TUNAFUNGUA SAA ZOTE. KARIBU MTEJA. Watu walijaa upande wa pili wa barabara. Wengine walikuwa wamejishika matumbo. Askari wawili walikuwa mlangoni, na kwa kweli walikuwa bado hawajafanya kitu. Mmoja alikuwa anasoma.

Ingetosha Shangazi kumwita. Amemlisha Mjomba uji kwa mkono wake, Mjomba anamwita shemeji. Lakini Mjomba aligeuka, na alichokiona ni makoti mawili ya buluu yakija mbio, kofia zimefunika nyuso. Akapiga yowe. Nimelisikia yowe hilo mara moja tu, mwaka jana. Akalitupa kopo, rangi ikamwagika ngazini, akakimbia. Alikimbilia upande pekee uliokuwa wazi, yaani moja kwa moja kifuani kwa askari wa mlangoni, akampiga kikumbo wakaanguka wote wawili.

Baada ya hapo ilikuwa ni mikono na buti. Shangazi alikuwa anapiga kelele, "Ni mimi, ni shemeji yako," huku akihangaika na vifungo vya koti, na vifungo vilikuwa vigumu. Refa alipuliza filimbi. Sijui alidhani nani atasimama. Wakamburuta Mjomba ndani, mlango ukafungwa.

Mkuu wa kituo akatoka. Aliutazama ukuta kwa muda, kisha akatutazama sisi, kisha makoti. Akasema kwa sauti ambayo barabara nzima iliisikia: "Mgonjwa wenu amewakimbia nyinyi. Amekimbilia kwetu."

Jumamosi, 30 Machi
Shangazi na Refa walikwenda kukagua wakakataliwa. Mkuu wa kituo amesema kamati imesitishwa hadi uchunguzi ukamilike. Uchunguzi anaufanya yeye. Mjomba ameshitakiwa kwa kumshambulia askari, na hakuna ruhusa ya kumwona, hata Mama.

Dawa zake ziko hapa dirishani. Asipozipata wiki hii atazama mahali ambapo mwaka jana ilichukua miezi kumtoa.

Jumapili, 31 Machi
Mama na Shangazi wamegombana, na ugomvi wa mawifi hauna mlango wa kutokea.

"Wifi, ulivalishwa ukavalika."

"Nilikuwa mgonjwa."

"Na yeye je? Kwani yeye ni mzima?"

Mimi niliyezoea kumwona kama ukuta wa nyumba, leo nimemwona ni mwanamke mfupi mwenye kikohozi. Ameyachoma makoti nyuma kwa kinyozi. Yalitoa moshi mweusi, yakakataa kwisha.

Baadaye akasema tuwe na subira, mkuu wa wilaya atatupokea wiki ijayo, tusiharibu kwa papara. Nikamuuliza, "Sheria inasema nani anaweza kuisitisha kamati?" Akasema, "Mkuu wa wilaya tu." Nikasema, "Basi haijasitishwa." Wote wawili wakanitazama kama kiti kimeongea.

Jumatatu, 1 Aprili
Nilivaa sketi ya shule. Ndiyo ndefu kuliko zote nilizonazo.

Kituoni kuna benchi moja la mbao mbele ya kaunta. Dada Mkuu alikuwa zamu.

"Una shida gani?"

"Nimekuja kukagua mahabusu."

"Sema kwa sauti, sisikii."

Alisikia. Nikarudia.

"Kamati imesitishwa. Na mnaingia wawili, wewe uko peke yako."

"Wa pili atanikuta hapa."

"Toka, mdogo wangu. Hapa si shuleni."

Nikakaa kwenye benchi. Nilidhani watanibeba, lakini mtu aliyekaa kimya na mikono mapajani anawapa taabu, hawajui wamshike wapi. Mkuu wa kituo alipita mara kadhaa. Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili akasema nitapata baridi, kwa nini nisirudi baadaye. Mara ya tatu akasema anamfahamu mtu anayeajiri wasichana waliomaliza shule, nikiwa na adabu.

Jambo ambalo sikulitarajia ni watu. Kituo ni kama kisima, kila mtu anapita. Amekuja mtu aliyepoteza kitambulisho, akakaa kando yangu akisubiri, akaniuliza, na wewe umepoteza nini? Nikamwambia: "Mimi ni wa kamati. Nimekuja kuwaona mahabusu, nimekatazwa." Akaja mama aliyeibiwa kuku. Akaja dereva aliyegongwa kwa nyuma. Kila mmoja aliuliza nami nikajibu yale yale. Mara za kwanza sentensi ilitoka nusu nusu. Kufikia alasiri ilikuwa inatoka yenyewe, na hata mzee aliyekuwa amesimama mlangoni akaisikia vizuri, akasema, "Kwani wanaficha nini huko ndani?" Dada Mkuu akagonga muhuri kwa nguvu mahali ambapo sidhani palihitaji muhuri.

Kabla ya kuondoka nilimsogelea. "Dada, mjomba wangu amekula?"

Hakunijibu. Lakini hakusema ndiyo. Angeweza kusema ndiyo, ni neno rahisi, na asingeulizwa na mtu. Aliinamisha macho. Yale macho ya langoni, mara ya kwanza nayaona yakiinama.

Jumanne, 2 Aprili
Benchi. Mvua. Mama wa kuku amerudi, kuku hajapatikana, lakini akakaa tu. Refa amekuja akakaa kwa shida, goti nje kama mlingoti wa bendera. "Mchezaji wa akiba," akasema.

"Sasa tuko wawili," nikamwambia Dada Mkuu.

"Imesitishwa," akasema, lakini safari hii alikuwa anaiambia kaunta.

Jumatano, 3 Aprili
Leo tulipofika benchi lilikuwa limejaa. Muuza magazeti, mzee wa juzi, mtu wa kitambulisho (amekipata, amekuja hivyo hivyo), Mama na kikapu cha dawa na chakula. Kinyozi ameleta viti vya stoo kwenye mkokoteni, akavipanga kuanzia kaunta hadi ngazini ambako rangi nyekundu bado haijatoka. Ukuta wameupaka chokaa, lakini mvua imeiosha, na KARIBU MTEJA inasomeka.

Shangazi alifika mwisho, amelowa chapachapa, hana hata mwavuli. Hakusema kitu kuhusu subira. Alimwendea mkuu wa kituo aliyekuwa mlangoni mwa ofisi.

"Nilikosea kuchukua zawadi yako," akasema. "Wewe hukukosea kuitoa. Sasa fungua."

"Mama, nitawaondoa hawa wote kwa kuzuia kazi ya polisi."

"Waondoe," Refa akasema. "Anza na mimi, ila nibebeni vizuri, goti hili halikunjiki."

Watu wakacheka. Mkuu wa kituo akamtazama Dada Mkuu. Nadhani alitaka aseme kitu, aite askari, afanye chochote. Dada Mkuu alikuwa amesimama wima kama gwaride la asubuhi. Akasema, bila kumtazama yeyote: "Afande, barua ya kusitisha kamati kutoka wilayani haijafika hapa kaunta." Kisha akauweka ufunguo juu ya mbao.

Mkuu wa kituo hakuugusa. Aliingia ofisini akafunga mlango. Dada Mkuu akatufungulia.

Tuliingia mimi na Shangazi. Harufu ilitupokea kwanza. Mjomba alikuwa kwenye kona, amejikunja, jicho moja limefunga. Alipomwona Shangazi alijivuta nyuma. Shangazi hakumsogelea. Aliketi sakafuni pale pale mlangoni, maji yakimtoka kwenye nguo, akaanza kuongea habari za uji, kwamba umeungua na wifi yake, yaani Mama, hatausamehe. Iliendelea hivyo mpaka Mjomba akanyoosha mkono. Vidole vyote vilikuwa vizima. Nilivitazama kimoja kimoja.

Nilitaka kulia, lakini ukaguzi haukuwa umekwisha. Mahabusu ilikuwa na mtu mwingine, mchukuzi wa sokoni, mtu mzima, mguu umevimba kama gogo. Nikamuuliza kama nilivyomsikia Refa akiuliza. Jina. Umeletwa lini. Akasema kabla mvua hazijachanganya. Umeshitakiwa nini? Hajui. Nani anajua uko hapa?

"Sasa wewe," akasema.

Walimtoa Mjomba mchana kwa dhamana ya Shangazi, na kesi juu yake. Mkuu wa kituo alitufuata hadi ngazini. Tabasamu hakuwa nalo tena, na nilimpenda zaidi bila lile tabasamu, maana sasa tulikuwa tunaonana.

"Haya, binti. Umempata mjomba wako. Nenda nyumbani. Na mjue, masika yakiisha mtaisha nayo."

"Na mchukuzi?"

"Huyo si ndugu yako."

"Kamati haikuundwa kwa ajili ya ndugu zangu," nikasema. Sauti ilitoka nzima, sikuwa nimeipanga.

Mama alimshika Mjomba mkono, wakavuka barabara polepole, Mjomba akigeuka kuutazama ukuta kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwingine. Mimi nikarudi ndani. Kinyozi alikuwa ameanza kupandanisha viti, nikamwomba aviache kwanza.

Dada Mkuu alikuwa amefungua kitabu cha kaunta. Hakuniinulia macho.

"Una shida gani?"

"Nangoja daktari wa mchukuzi."

Refa na Shangazi wakasogea, nikakaa katikati.